Mficha uchi hazai: kuripoti hitilafu ya mashine pepe

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kosa langu mwenyewe, nalo nalisimulia kwa sababu kila wiki napokea ujumbe wa aina hii: "Seva haifanyi kazi, nisaidie haraka." Kabla sijamcheka aliyeandika hivyo, ni haki niseme kwamba mimi pia nimewahi kuandika hivyo hivyo. Tena mara mbili, kwa tatizo moja.

Ilikuwa mwaka 2021. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunatunza mfumo wa kompyuta wa kliniki moja ya uzazi. Kliniki yenyewe si kubwa. Ina seva moja, imekaa kwenye chumba kidogo kando ya stoo ya dawa, na ndani ya seva hiyo tulikuwa tumeweka mashine pepe tatu: moja ya rekodi za akina mama, moja ya hesabu, moja ya kuhifadhi faili.

Kwa wasiojua, mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake. Inadhani ina prosesa, RAM na diski, kumbe vyote imeazimwa na seva inamokaa. Seva hiyo huitwa mwenyeji, na mashine pepe huitwa mgeni. Katikati yao yupo msimamizi anayegawa vitu, haipavaiza, ambaye kwetu alikuwa KVM akisaidiana na QEMU na libvirt. Shikeni hayo majina mawili, mwenyeji na mgeni, kwa sababu kosa langu lote liko hapo.

Saa nane na robo usiku simu yangu ililia. Alikuwa sista wa zamu.

"Fundi, mashine imelala tena."

Tena, kwa sababu ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Mama mmoja alikuwa ameletwa na uchungu, na sista alitaka kufungua rekodi yake aone kama kuna dawa inayomdhuru. Skrini ikamwambia hakuna muunganisho. Basi akamuuliza mama mwenyewe, na mama akasema penisilini humtoa vipele na kumbana pumzi. Mambo yakaenda salama. Lakini kabla ya kukata simu sista aliniambia maneno ambayo sijayasahau:

"Leo huyu amekuja na fahamu zake, akanijibu. Akija mwingine hajitambui, nitamuuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua laptopu, nikaingia kwenye seva kwa intaneti ya simu, nikaandika virsh start na jina la mashine. Dakika mbili baadaye rekodi zilikuwa hewani. Usingizi haukurudi.

Tulivyolaumu stima

Mara ya kwanza mashine ilipozima tulisema ni stima. Nani asingesema hivyo? Mgeni alipowaka tena, logi yake ilionyesha kwamba hakuwa amezimwa kwa utaratibu. Maandishi yalikatika ghafla, kisha asubuhi mfumo wa faili ukawa unajirekebisha. Ukiona hivyo kwenye kompyuta ya kawaida, umeme umekatika. Tukaishawishi kliniki inunue UPS mpya. Wakanunua. Siku sita baadaye mashine ikalala tena, na UPS mpya ikiwa imejaa chaji, taa yake ya kijani inawaka.

Kuna amri moja fupi, uptime, ambayo ingetuokolea pesa hizo. Ukiiandika kwenye mwenyeji inakuambia seva imewaka kwa muda gani bila kuzima. Nilipokuja kuiandika, wiki mbili baadaye, ilisema siku 41. Seva yenyewe haikuwa imezima hata mara moja! Aliyezima ni mgeni peke yake. Stima ikikatika haichagui mashine moja pepe ikaacha nyingine mbili zinapumua. Lakini sikuwa nimeuliza, kwa sababu nilidhani najua.

Ripoti ya kwanza

Asubuhi ya pili baada ya simu ile ya sista niliwaandikia wanaotengeneza programu. Niliandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: mashine yetu pepe inajizima yenyewe usiku, tumejaribu kila kitu, hii ni kliniki, tafadhali ni haraka.

Walijibu siku hiyo hiyo, kwa adabu, na maswali matatu. Matoleo gani ya kerneli, QEMU na libvirt? Logi ya mwenyeji inasema nini? Ilitokea saa ngapi hasa, na ni saa ya wapi?

Nilikasirika. Nilihisi kama mtu anayeulizwa kitambulisho mlangoni na mgonjwa amembeba mgongoni. Leo nikiisoma ile ripoti naona haya. Sikuwa nimewapa hata kitu kimoja ambacho wangeweza kukifanyia kazi. "Tumejaribu kila kitu" si habari. Anayesoma hajui kila kitu ni nini, wala kila jaribio lilijibu vipi. Na "ni haraka" ni kweli kwangu, lakini haimwongezei yeye uwezo wa kuona ndani ya chumba changu cha seva.

Ripoti ya pili

Ya pili ilikuwa ndefu, na ubaya wake ulikuwa mkubwa zaidi. Nilibeba logi nzima ya mgeni, maelfu ya mistari, nikaituma. Juu yake nikaandika kwamba kuna kasoro katika draiva ya diski ya virtio, kwa kuwa mstari wa mwisho kabla ya kukatika ulitaja diski. Hesabuni makosa.

Kosa la kwanza, walitaka logi ya mwenyeji, mimi nikatuma ya mgeni. Mtu aliyepigwa rungu kisogoni usimuulize aliyempiga alivaa nini. Mgeni hakuona kitu. Alikuwa anaandika shughuli zake za kawaida, akakatika.

Kosa la pili, nilitoa hukumu badala ya ushahidi. Mstari wa mwisho kwenye logi ni jambo la mwisho kuandikwa, basi. Si lazima uwe sababu. Lakini nilivyousema kwa uhakika, wale wahandisi walitumia siku nzima kuchunguza draiva ambayo haikuwa na shida yoyote.

Kosa la tatu lilikuwa la saa, na hili nadhani ni letu sisi tunaozungumza Kiswahili. Sista alisema mashine ililala "saa nane usiku". Mwenzangu amekulia Nairobi na saa zake ni za Kiingereza. Aliandika kwenye daftari letu saa 20:00, nami nikainakili hivyo hivyo kwenye ripoti. Saa nane usiku ni saa 02:00! Juu ya hayo, saa ya mwenyeji ilikuwa ya Afrika Mashariki, na saa ya mgeni tulikuwa tumeiacha UTC, iliyo nyuma kwa saa tatu. Kwa hiyo tukio moja lilikuwa na saa tatu: kwa sista ni saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, kwa mwenyeji ni Jumatano 02:07, na kwa mgeni mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumanne 23:06. Mimi nikawaambia watu ni Jumanne 20:00. Wakatafuta hapo, wakakuta mashine ina afya tele.

Kosa la nne ndilo baya kuliko yote. Walikuwa wameuliza kama kuna kilichobadilika siku za karibuni. Nilijibu: hakuna. Nitalirudia hilo baadaye.

Tulipokuwa tunaandikiana hivyo, mashine ilizima mara ya nne.

Kukabidhiana zamu

Niliamua kwenda kliniki mwenyewe na kukaa pale. Nilifika alfajiri, sista wa usiku akiwa anamkabidhi mwenzake wa mchana. Nilisimama mlangoni nikisubiri wamalize, na bila kutaka nikasikiliza.

Hakusema hata mara moja kwamba mama fulani "hayuko sawa". Alisema mama wa kitanda cha pili aliingia saa ngapi, njia imefunguka sentimita ngapi na ilipimwa saa ngapi, presha ilikuwa ngapi kwa ngapi, amepewa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na baada ya dawa ikawaje. Kwenye karatasi yao ya partografu mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa, yawe mazuri au mabaya. Palipokuwa na jambo asilolijua alisema sijui. Na kabla ya kuondoka alisema, "Naona kama anachelewa, lakini hayo ni maoni yangu." Alitenganisha alichopima na alichodhani. Mwenzake aliyetoka nyumbani dakika kumi zilizopita sasa aliweza kuendelea na kazi kama aliyekuwepo usiku kucha.

Nikajiambia, huyu mama hana habari na KVM, na ripoti yake inaishinda yangu.

Ripoti ya tatu

Nilikaa kwenye kile chumba kidogo nikaanza kujaza ripoti upya, kila tabaka peke yake. Kwanza mwenyeji. Niliandika uptime, ndipo nikaona zile siku 41. UPS ikatoka kwenye kesi.

Kisha nikafungua faili ambalo libvirt huliandika kwa kila mashine pepe, ndani ya /var/log/libvirt/qemu. Kila tarehe ya tukio palikuwa na mstari unaosema mashine imezima, na sababu imeandikwa crashed. Mgeni akizimwa kwa utaratibu maneno huwa mengine. Kwa hiyo aliangushwa.

Kisha nikaandika journalctl -k, nikarudi hadi Jumatano saa 02:07. Lilikuwepo pale, limekaa likinisubiri tangu siku ya kwanza: mstari ulioanza na Out of memory, ukafuatiwa na Killed process, kisha jina qemu-system-x86.

Nieleze. Kwa mwenyeji wa Linux, mashine pepe ya KVM ni programu kama programu nyingine yoyote inayokimbia. RAM ikiisha kabisa, na hakuna nafasi ya diski iliyotengwa kusaidia, kerneli hulazimika kuua programu moja ili mfumo mzima usife. Katika kuchagua, huangalia sana nani anatumia RAM nyingi zaidi. Mashine ya rekodi za akina mama ndiyo tuliyoipa RAM nyingi kuliko zote, kwa kuwa ndiyo muhimu kuliko zote. Kwa hiyo ndiyo iliyouawa kila mara. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji alipona kwa kumuua mgeni.

Lakini RAM iliisha vipi, na mfumo ulikuwa umefanya kazi vizuri miezi mitano? Seva ilikuwa na gigabaiti 32. Rekodi tuliipa 16, hesabu 6, faili 4. Jumla 26. Zinabaki 6 za mwenyeji mwenyewe. Saa nane kamili usiku mwenyeji hufanya bakapu, na kubana yale mafaili hula gigabaiti kadhaa. Ilikuwa inabana, lakini inatosha, hasa kwa kuwa mgeni hachukui RAM yake yote siku ya kwanza. Huahidiwa 16, akachukua kidogo kidogo kadiri anavyoihitaji.

Hapo ndipo lile jibu langu la "hakuna kilichobadilika" linaporudi. Wiki tatu kabla, mwenzangu alikuwa ameongeza mashine pepe ya nne, ya kuwafundishia wafanyakazi wapya. Aliipa gigabaiti 4. Mafunzo yakiisha aliizima, lakini siku nyingine alisahau. Nilipolinganisha tarehe, mara zote nne za rekodi kulala zilikuwa usiku ambao mashine ya mafunzo iliachwa inawaka. Nilijua kuhusu mashine hiyo. Mimi ndiye niliyemruhusu. Nilipoulizwa nini kimebadilika, ilinijia akilini, nikaiacha. Nilijiambia haihusiani, ni mashine nyingine kabisa. Na kusema kweli, sikutaka watu wajue kwamba tunafundishia kwenye seva ile ile inayobeba rekodi za wagonjwa.

Mficha uchi hazai. Lile tulilolionea haya ndilo lililokuwa jibu.

Marekebisho yalichukua nusu saa. Mashine ya mafunzo tukaihamishia kwenye kompyuta ya kawaida ofisini kwetu. Bakapu tukaiwekea kikomo cha RAM, na mwenyeji tukamtengea nafasi kwenye diski ya kumsaidia RAM ikijaa. Wale wahandisi niliwaandikia kwamba kosa lilikuwa letu, nikawaeleza lilivyotokea, nikaomba radhi kwa siku niliyowapotezea, nikafunga kesi. Bili ya UPS haikurudi.

Basi, andika nini?

Tangu siku hiyo nina mpangilio ninaoufuata. Si sheria, lakini umenifaa.

Kwanza, mwenyeji. Aina ya seva, prosesa kama lscpu inavyoitaja, RAM kiasi gani na iliyobaki ni ngapi, mfumo gani wa Linux, na kerneli gani kwa uname -r. Sema kama mwenyeji mwenyewe ni mashine pepe iliyokodiwa mahali fulani, maana mgeni ndani ya mgeni ana matatizo yake. Na usisahau uptime.

Pili, haipavaiza. Usiandike "toleo jipya kabisa". Jipya la leo litakuwa la zamani ripoti ikisomwa mwezi ujao. Kumbuka pia kwamba hiki si kitu kimoja. QEMU ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. KVM iliingia ndani ya kerneli ya Linux toleo la 2.6.20, mwaka 2007. libvirt ni mradi mwingine tena. Kila mmoja una kalenda yake ya matoleo, kwa hiyo taja namba ya kila mmoja. Wasambazaji wa Linux nao hutia viraka vyao kwenye matoleo ya zamani, kwa hiyo nakili jina zima la pakiti pamoja na mikia yake yote, na useme kama umeijenga mwenyewe.

Tatu, mgeni. Mfumo gani, prosesa pepe ngapi, RAM kiasi gani, diski ya aina gani na imehifadhiwa wapi, draiva gani. Usifupishe kwa maneno yako. Toa usanidi mzima kwa virsh dumpxml. Lile faili la logi ndani ya /var/log/libvirt/qemu lina pia amri kamili iliyomwasha mgeni, na mara nyingi hiyo peke yake inatosha kumwonyesha mtaalamu kitu ambacho wewe umekizoea hata hukioni. Taja na wageni wengine waliomo, hata wazima. Mimi ningewataja, kesi ingeisha siku ya kwanza.

Nne, saa. Andika tarehe kamili, saa kwa mtindo wa saa 24, na ni saa ya wapi. Angalia saa ya mwenyeji na ya mgeni kwa amri ya date, uandike tofauti yake. Na aliyeona tukio akikuambia saa nane, muulize nane ya mchana au ya usiku, kisha wewe mwenyewe ubadilishe. Usimwachie mtu aliye Ulaya au Marekani kazi ya kujua kwamba siku yetu inaanza jua likichomoza.

Tano, nini kilibadilika. Hapa usichague. Andika yote, hata yanayoonekana hayahusiani: kebo mpya, sasisho la BIOS, mashine mpya, bakapu iliyosogezwa, fundi aliyekuja kubadilisha feni. Kama hukumbuki, logi ya pakiti na historia ya amri zitakukumbusha.

Sita, ulichoona na ulichotarajia, na jinsi ya kulileta tatizo tena. Kama linakuja kila mara, andika hatua moja baada ya nyingine. Kama linakuja siku nyingine na siku nyingine haliji, toa hesabu: mara nne kati ya siku ngapi, na zile siku ambazo halikuja zilikuwa na tofauti gani. Siku njema nazo ni ushahidi, kama yale mapigo mazuri ya moyo kwenye partografu.

Saba, ujumbe wa kosa nakili kama ulivyo. Usiutafsiri, usiufupishe, usiupige picha kwa simu kama unaweza kuunakili kwa maandishi. Picha haitafutiki. Toa na mistari ya kabla na ya baada, kutoka kwa mwenyeji na kutoka kwa mgeni, na ukiandike wazi kila kipande kimetoka kwa nani.

Nane, ulichojaribu na jibu lake. Si "tumejaribu kila kitu". Andika: tulibadilisha UPS, tatizo likabaki. Tulizima mashine ya nne, halikuja tena kwa siku kumi. Maoni yako uyaweke mwisho kabisa, yakiwa na jina lake: haya ni maoni.

Tisa, kabla ya kutuma, soma ulichobeba. Nimesema usifiche, lakini aibu yako na siri ya mtu mwingine ni vitu viwili. Zile logi za mgeni nilizozituma kwa hasira sikuwa nimezikagua. Baadaye nilizipitia mstari kwa mstari jasho likinitoka, nikashukuru kwamba hazikuwa na jina la mgonjwa. Ilikuwa bahati tu. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Majina, nywila na anwani zifute, uweke alama kuonyesha umefuta nini. Anayekusaidia hazihitaji.

Orodha ni ndefu, najua. Lakini kumbukeni kwamba ile ripoti ya tatu sikuwahi kuituma. Nilipokuwa bado naijaza nilikutana na jibu.

Kliniki nako niliacha daftari karibu na kompyuta ya wodini. Lina safu nne: saa, nilikuwa nafanya nini, nimeona nini, nini bado kinafanya kazi. Ile safu ya mwisho niliiongeza kwa ajili ya zile siku 41. Masista niliwaambia waandike saa wanavyoisema wao, mimi nitabadilisha.

Miezi miwili baadaye nilikuta hili limeandikwa kwa mwandiko wa yule yule sista: "Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini. Nilibonyeza kuhifadhi rekodi. Duara linazunguka tu. Kompyuta ya pili ya wodini inahifadhi vizuri. Stima ipo. Nahisi ni waya, lakini sijui."

Sikufungua hata laptopu. Nilichungulia nyuma ya meza. Waya wa mtandao ulikuwa umebanwa na mguu wa kitanda.